Sijui: neno lililonishinda kulitamka

Najua nimekuwa adimu, na najua niliahidi kuendelea na lile somo la kutengeneza hifadhidata ndogo. Somo lipo, litakuja. Lakini leo niacheni kidogo nitoe la moyoni, maana kuna jambo limenikaa kooni tangu msimu wa kaskazi uliopita na sijapata kulieleza vizuri hata kwa marafiki.

Kuna chama kimoja cha ushirika cha wavuvi upande wa kaskazini ya Malindi, ukishavuka daraja la Sabaki. Jina la chama nalihifadhi. Walinipa kazi ya kuwatengenezea programu ya kuuza barafu na petroli. Kazi yenyewe si kubwa: nahodha analipa kwa simu, kijana wa ghala anaona malipo yameingia, anatoa magunia ya barafu, na chombo kinaondoka. Jioni saa kumi na mbili mhasibu anafunga hesabu ya siku. Barafu iliyotoka ni kiasi gani, pesa zilizoingia ni ngapi, anachapisha karatasi, anaweka sahihi, basi.

Programu niliifunga mwezi wa sita. Wanaoijua pwani yetu wanajua mwezi wa sita ni kusi, bahari imechafuka, vyombo vingi viko juu ya mchanga vinatiwa kalafati. Wachache waliokuwa wakitoka walitoka asubuhi wakirudi mchana. Hesabu zikakubaliana mpaka senti ya mwisho. Nikalipwa, nikapigiwa makofi, nikarudi nyumbani nikijiona bingwa.

Mwezi wa kumi na moja kaskazi ikaanza kuvuma na vyombo vikashuka majini. Na hesabu zikaanza kupungua. Leo shilingi 2,800, kesho 4,300, keshokutwa sawasawa, halafu 3,500. Barafu imetoka, pesa haionekani kwenye karatasi ya siku. Katika wiki tatu pengo likafika shilingi 61,450. Kamati ikaitisha kikao na mimi nikaitwa.

Sasa ndugu msomaji, nisikilize vizuri hapa. Mwenyekiti aliniuliza swali jepesi kabisa: "Fundi, hii mashine ina shida?"

Jibu la kweli lilikuwa neno moja: sijui. Nilikuwa nimeangalia programu usiku kucha na sikuona kosa. Lakini mbele yangu walikaa wazee tisa walionilipa pesa zao za samaki, na mimi ndiye niliyesoma chuo kikuu. Nikakohoa kidogo nikasema: "Hapana mwenyekiti, mfumo uko sawa. Kuna ishu ndogo ya sinkronaizesheni kati ya API na bakendi, pengine na latensi ya mtandao, lakini haigusi uadilifu wa data."

Kila neno katika sentensi ile lina maana yake. Ukilifungua kamusi la kompyuta utalikuta. Lakini yakikusanywa pamoja vile nilivyoyakusanya, hayakuwa na maana hata moja. Nilikuwa nimesema "sijui" kwa maneno ishirini ili isisikike kuwa ni "sijui".

Pakawa kimya. Halafu mwenyekiti akasema polepole: "Haya. Kama mashine iko sawa, basi ni mtu."

Na macho yote yakamgeukia dada mhasibu.

Sikuwa nimefikiria kwamba maneno yangu yangeweza kwenda huko. Nilikuwa najificha mimi tu. Lakini mle kikaoni palikuwa na swali linalotaka jibu, na mimi nilipojiondoa, swali halikuondoka, lilimwendea mwingine. Yule dada akaambiwa akabidhi funguo na akae nyumbani mpaka jambo liishe, na pengo lile likatwe katika mshahara wake. Tulipotoka nje alinifuata chini ya mwembe. Hakulia wala hakupandisha sauti. Alisema: "Kaka, mimi sikusoma kompyuta. Niambie tu kwa Kiswahili, hizo pesa zimekwenda wapi?"

Nikamjibu: "Tutafanya uchunguzi wa kina." Yaani hata pale, mbele ya mtu mmoja, chini ya mti, bado nilishindwa.

Siku mbili nilijifungia na kompyuta bila kupata kitu. Siku ya tatu nikarudi kule ghalani nikijifanya nakagua simu na nyaya. Nje alikuwa amekaa nahodha mmoja mzee anashona nyavu. Nikamwamkia, "Shikamoo mzee," akaitikia, na baada ya habari za nyumbani akaniuliza bila kuinua macho: "Mwanangu, sisi msimu huu twaondoka saa nane ya usiku. Barafu twalipa saa nane. Hiyo saa nane, mashine yako huihesabu ni ya siku gani?"

Nikataka kucheka. Ni ya siku gani tena, si ya siku ile ile? Halafu nikahisi baridi mwilini.

Kwetu sisi usiku si mkia wa siku iliyopita. Saa nane ya usiku wa kuamkia Jumanne ni ya Jumanne, hakuna mvuvi atakayekuambia vingine. Lakini kompyuta nyingi duniani huweka saa kwa kipimo kimoja kinachoitwa UTC, ambacho kiko nyuma ya saa za Kenya kwa saa tatu kamili. Kwa hiyo malipo ya saa nane ya usiku kuamkia Jumanne, kwenye hifadhidata yangu yaliandikwa Jumatatu, saa tano ya usiku. Kuweka hivyo si kosa, ndiyo desturi nzuri. Kosa langu lilikuwa kwamba programu inayochapisha karatasi ya siku ilisoma tarehe ile ile mbichi bila kuongeza zile saa tatu.

Fuata mkasa wenyewe. Karatasi ya Jumatatu ilikwisha kuchapishwa Jumatatu jioni, kabla malipo hayajafanywa. Karatasi ya Jumanne inatafuta malipo yenye tarehe ya Jumanne, na haya yameandikwa Jumatatu. Basi malipo ya kila chombo kilicholipa kati ya saa sita na saa tisa ya usiku hayakuingia katika karatasi yoyote. Pesa zilikuwapo kwenye akaunti ya chama wakati wote huo! Ila akaunti ile ile hupokea akiba za wanachama na malipo ya samaki, kwa hiyo hakuna aliyeiona ziada. Na wakati wa kusi kosa halikuonekana kwa sababu hakuna aliyekuwa akilipa saa nane ya usiku.

Marekebisho yalikuwa mstari mmoja. Nikachapisha upya karatasi zote za wiki tatu. Shilingi 61,450 zikarudi zote, hakuna iliyobaki.

Nikaomba kikao. Safari hii nilisema kwa Kiswahili cha kawaida: programu ilikuwa ikihesabu saa kwa saa za nchi nyingine, kosa ni langu, dada huyu hakuchukua hata shilingi, na aliyegundua ni mzee huyu hapa. Mwenyekiti akanitazama kwa muda akauliza: "Mbona siku ile hukusema kwamba hujui? Tungekungoja." Sikuwa na la kumjibu. Dada alirudi kazini na mshahara wake haukukatwa. Lakini kwa siku kumi na moja watu wa mtaani kwake walikuwa wameshamwita mwizi, na hilo sijaona programu ya kulirekebisha.

Tangu hapo nimekuwa nikijiuliza tabia hii tunaitoa wapi. Nilisoma sayansi ya kompyuta miaka minne na sikumbuki siku hata moja tuliyofundishwa kusema "sijui". Kinyume chake. Kwenye mtihani ukiacha nafasi tupu unapata sufuri, ukiijaza istilahi nzito nzito unaweza kuokota alama mbili katika kumi. Ukifanya hivyo miaka minne, mkono unazoea. Halafu unaingia kazini, unakuta mteja anataka uhakika, na mkubwa wako anataka mteja atulie. Maneno yanatoka yenyewe. Ukienda ofisini kutafuta huduma unaambiwa "sistimu iko chini". Ukiuliza kwa nini, "hitilafu ya kiufundi". Ukiuliza ni hitilafu gani, unaonekana wewe ndiye mkorofi.

Nisieleweke vibaya. Sisemi istilahi ni mbaya. Kila kazi ina lugha yake. Yule mzee mwenyewe akianza kuzungumza habari za omo, tezi na foromali, mimi mtoto wa kompyuta naachwa ufukweni. Lakini tofauti iko hapa: ukimwambia "mzee, nionyeshe foromali," anainua mkono anakuonyesha mti ule ulioshika tanga. Neno lake lina kitu nyuma yake. Mimi ningeambiwa "tuonyeshe hiyo ishu ya sinkronaizesheni," ningeonyesha nini?

Na tumeshaona katika nchi yetu jinsi maelezo yanavyotofautiana. Tarehe 7 Juni 2016 umeme ulikatika nchi nzima. Kampuni ya KenGen ingeweza kusema "hitilafu ya kiufundi" ikanyamaza, na sote tungeguna tukawasha mishumaa. Badala yake ilieleza kwamba tumbili alipanda juu ya paa la kituo cha Gitaru, akaangukia transfoma, transfoma ikajizima, mashine nyingine za kituo zikalemewa nazo zikajizima, na zaidi ya megawati 180 zikapotea. Hata ikasema tumbili amenusurika na amechukuliwa na watu wa wanyamapori. Dunia nzima ilicheka. Mimi pia nilicheka. Lakini tazama yale maelezo: kila hatua unaweza kuikagua. Paa lipo, transfoma ipo, tumbili yupo. Na ukishayasikia unajua pa kuuliza swali la pili: alipitaje kwenye uzio? Maelezo ya kweli humpa msikilizaji mahali pa kushika. Maelezo ya kujificha hayana mpini.

Mwaka 2013, wakati wa uchaguzi mkuu, kura zilizokataliwa zilionekana kwenye matokeo ya awali ya kielektroniki zikipanda kupita 300,000, na watu wakashikwa na wasiwasi. Baadaye tume ya uchaguzi ikaeleza kwamba kulikuwa na kosa kwenye programu lililozidisha hesabu ile mara nane. Matokeo ya mwisho yakatoa 108,975. Mara nane! Ni aibu kwa aliyeandika programu, lakini angalau ni jambo unaloweza kuchukua kalamu ukalipima.

Mwaka 2017 ikawa zamu ya seva. Tarehe 28 Agosti Mahakama ya Juu iliamuru pande zilizolalamika zipewe nafasi ya kuangalia taarifa za seva za tume, kwa kusoma tu. Agizo hilo halikutekelezwa ipasavyo. Tarehe 1 Septemba majaji wanne dhidi ya wawili waliufuta uchaguzi wa rais, na moja kati ya sababu ilikuwa kwamba aliyekataa kufungua mitambo yake hawezi kutaka aaminiwe kwa yaliyomo ndani. Mimi si mwanasiasa na sitaki kugombana na mtu hapa. Nasema tu kama fundi: tangu hapo neno "seva" kwa Mkenya wa kawaida limekuwa kama jini. Halionekani, halielezeki, na kila mtu ana lake la kusema juu yake.

Mwaka 2022 tume ilifanya jambo jepesi. Fomu 34A kutoka vituo zaidi ya 46,000 ziliwekwa hadharani kwenye intaneti, kila mwenye simu akaweza kuzisoma na kujumlisha. Mabishano hayakwisha, kesi ilikwenda mahakamani na ushindi ukathibitishwa tarehe 5 Septemba. Lakini ubishi ulikuwa juu ya karatasi zinazoonekana. Huo ni ubishi bora zaidi.

Kama bado unadhani kisa changu cha barafu ni kidogo, kuna kikubwa mno kuliko hicho huko Uingereza. Mwaka 1999 Posta ya huko ilianza kutumia mfumo wa hesabu uitwao Horizon, uliotengenezwa na kampuni ya Fujitsu. Wasimamizi wa vituo vya posta vijijini wakaanza kuona mapengo kwenye hesabu zao. Walipouliza, jibu lilikuwa kwamba mfumo ni imara, na wengi wao walieleza baadaye kwamba waliambiwa ni wao peke yao wenye shida ile. Kama mashine iko sawa, basi ni mtu. Kati ya 1999 na 2015 zaidi ya watu 900 walitiwa hatiani kwa wizi na udanganyifu. Wengine walifungwa, wengine walifilisika, wengine walikufa kabla ya kusafishwa jina. Desemba 2019 Mahakama Kuu ya huko ikakubali kwamba Horizon ilikuwa na makosa ya programu yanayoweza kuleta mapengo yale, na mwezi wa tano 2024 bunge likapitisha sheria ya kufuta hukumu zile kwa pamoja.

Niliposoma habari hizo nilimfikiria dada mhasibu. Tofauti kati ya kisa chake na chao ni mzee mmoja aliyekuwa anashona nyavu.

Kwa hiyo hivi ndivyo ninavyofanya siku hizi, na nakuomba nawe msomaji utumie silaha hizi kwa fundi yeyote, mimi nikiwamo.

Kwanza, mtaalamu akikupa neno usilolijua, mwambie akuonyeshe. Si akufafanulie, akuonyeshe. Kama neno lina kitu nyuma yake, atakipata. Kuuliza si ujinga, wahenga walishamaliza.

Pili, muulize: "Kama si hivyo, tungeona nini tofauti?" Mimi ningeulizwa hivyo siku ile ningekwama. Kama ni latensi ya mtandao, mbona pengo halitokei mchana wakati mtandao unasumbua zaidi? Swali hilo peke yake lingenipeleka kwenye saa za usiku.

Tatu, muulize nani atalipa kama amekosea. Hili ndilo muhimu kuliko yote. Neno la kujificha halimdhuru anayelisema. Humdhuru yule aliye karibu na pengo: mhasibu, karani, keshia, dereva, mwanafunzi ambaye alama zake hazionekani. Ukisikia "mfumo uko sawa", tazama chumbani ni nani ataachiwa lawama.

Kwa upande wangu nimejiwekea sharti. Nikiwa sijui, nasema sijui, halafu naongeza mambo mawili: nitatafuta wapi, na nitarudi na jibu siku gani. "Sijui, naenda kuangalia malipo ya usiku, nitakuambia Alhamisi." Mara ya kwanza kusema hivyo kwa mteja sauti ilinitetemeka. Nilidhani atanifukuza. Akaniambia, "Sawa, Alhamisi," akaendelea kunywa chai yake.

Wahenga wanasema mficha uchi hazai. Nilikuwa nikiusikia msemo huo tangu utotoni nikidhani unahusu wagonjwa na wakunga. Kumbe unahusu pia mafundi wa kompyuta.

Dada mhasibu yupo kazini mpaka leo. Nikipita ghalani ananisalimu vizuri, na bado ananiita kaka. Ila kila nikimwekea toleo jipya la programu ananiuliza, huku akitabasamu kidogo: "Na hii, saa nane ya usiku ni ya siku gani?" Namwonyesha kwenye skrini. Hasogei mpaka aone mwenyewe.

Haya, nimesema. Lile somo la hifadhidata tutaendelea nalo safari ijayo, na sasa mnajua kwa nini nitaanza na sura ya tarehe na saa. Kwaherini kwa leo.